Uhuru wa maoni au maneno ya chuki? Tunaamua kwa kuangalia nani kasemwa

Mwana Usangu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Iringa kamwene, Mbeya ugonile, Njombe na Songea nawasalimu pia.

Ibara ya 18 ya Katiba, ile ya uhuru wa maoni, kila mtu anaijua pale anaposemwa mtu asiyempenda. Akisemwa wa kwake anairuka mpaka ibara ya 30, inayotaka haki ya mmoja isiharibu haki ya mwingine. Nimeliona hili kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye vijiwe vya kahawa hapa Mbeya, hata kwenye vikao vya ukoo. Siamini kwamba watu wanafanya unafiki. Naamini moyo unaamua kwanza, sheria inatafutwa baadaye. Ndiyo maana nimeuleta uzi huu jukwaa hili na sikuupeleka kule kwa wanasheria.

Mfano uko kwetu Mbarali. Kuna kundi la wakulima na wanunuzi wa mpunga, watu wazima, wengi tunafahamiana. Kijana mmoja aliweka video ya mchekeshaji anayemwigiza mchungaji akidai sadaka. Moto uliwaka. Nusu ya kundi walitaka aondolewe siku ile ile, kwamba anawadhalilisha watumishi wa Mungu. Baadaye ikaingia voisi ya mtu mwenye sauti ya upole kabisa, anaongea taratibu kama anatoa taarifa ya bei. Anasema wafugaji waliohamia Usangu ni nzige, na nzige huwa hajadiliwi, anapuliziwa dawa. Mmoja tu aliuliza kama maneno hayo yanafaa. Aliyemjibu ni yule yule aliyeongoza vita dhidi ya video ya mchungaji: "Muacheni aseme, nchi huru, ukweli unauma."

Sidharau kidonda kilichopo. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao kwenye ardhi oevu ya Ihefu, huku Usangu, kwa hoja ya kuunusuru mto Ruaha Mkuu, mwaka 2008 Hifadhi ya Taifa Ruaha ikapanuliwa mpaka huku, na katika mabadiliko yale wapo wakulima waliopoteza pia. Mtu aliyeamka akakuta shamba limelazwa na ng'ombe ana haki ya kupiga kelele. Akisema "ng'ombe wako wamekula mpunga wangu, nilipe", hayo ni madai, yana anayedaiwa, yana majibu. Akisema "nyie ni nzige", hapo hakuna anachodai.

Sasa kwa nini watu wale wale wapime vitu viwili kwa mizani tofauti? Wasomi wa saikolojia na siasa wamelichimba hili muda mrefu. Mwaka 1954 Samuel Stouffer aliongoza uchunguzi mkubwa Marekani akiwauliza wananchi kama mkomunisti, au mtu anayepinga dini, aruhusiwe kuhutubia mjini kwao. Wengi walikataa. Miaka ya 1970 maswali ya namna hiyo yalipoulizwa tena, majibu yakawa laini, na ikasemwa kwamba Wamarekani sasa wamekuwa wavumilivu. John Sullivan, James Piereson na George Marcus hawakukubali haraka. Wao walimtaka kila anayehojiwa achague mwenyewe kundi analolichukia kuliko yote, kisha ndipo aulizwe: hawa waruhusiwe kufanya mkutano? Uvumilivu uliporomoka. Kumbe kilichobadilika zaidi ni adui. Mkomunisti alikuwa amepungua kutisha, na wengine wamechukua nafasi yake.

Tangu niusome utafiti huo, mtu akiniambia "mimi naamini uhuru wa kusema" simuulizi tena anampenda nani. Namuuliza anamchukia nani, na huyo angemruhusu aseme nini.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2017, wa Mark White na Christian Crandall, huko huko Marekani. Waliwapa watu visa vya mtu aliyeadhibiwa kwa kutoa maneno ya kibaguzi. Waliokuwa na ubaguzi zaidi ndio walioongoza kumtetea kwa jina la uhuru wa maoni. Kisa kilipogeuzwa, akawa mtu aliyetoa maneno makali yasiyogusa rangi, utetezi wao wa uhuru haukuonekana kwa namna ile. Ulikuwa unatoka pale tu walipojiona nao wameguswa. Nikaikumbuka ile "muacheni aseme" ya kundi letu.

Na upande wa wanaotaka kila kitu kifungiwe nao wana la kwao. W. Phillips Davison aliandika mwaka 1983 kwamba watu huamini maneno ya hatari yanawapata wengine kuliko yanavyowapata wao. "Mimi siwezi kuyumbishwa na voisi ile, ila vijana wa bodaboda sasa!" Na vijana wa bodaboda ukiwauliza wanakwambia wasiwasi wao ni wazee wa vijijini. Kila mmoja anajiona mzima, jirani ndiye dhaifu, kwa hiyo kufungia kunaonekana ni huruma.

Kipimo changu ni kimoja. Chukua sentensi ile ile, toa jina la kundi ulilolizoea kulisikia likitukanwa, weka kabila la mama yako au dhehebu lako. Isome kwa sauti. Kama unaweza kuendelea kuitetea, itetee. Kama koo inakauka, umepata jibu kabla ya kufungua kitabu cha sheria.

Karibuni tujadili, bila matusi.

Kalenga Kwetu

Mkuu uzi mzuri, ila umenitia hofu upande mmoja. Mimi Mhehe. Watani wangu Wangoni nikifika Songea hawaniulizi habari za safari, wananiuliza kama nimeshashiba mbwa au waende kumkamata mwingine. Nami nawakumbusha jinsi mababu zao walivyotimua mbio. Mgeni akituangalia bila kujua ataita polisi. Sasa tukianza kupima maneno kwa kuweka kabila la mama, utani wote si tunauzika? Babu zetu walipigana kweli karne ya 19, damu ilimwagika, na utani ndio umetufanya leo tuoane.

Mwana Usangu

Kaka, hili nimelingoja. Utani nautaka uishi, na ndio ushahidi wangu mkubwa kuliko hata hao wasomi wa Marekani.

Angalia masharti yake. Mngoni anayekuuliza habari za mbwa anakuuliza usoni, na wewe una haki ya kumrudishia pale pale, kali kuliko yake, naye haruhusiwi kununa. Halafu ukifiwa huyo huyo anakuja. Anavaa koti la marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikohoa, mpaka mjane anacheka katikati ya kilio. Anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Kisha anashika jembe anaingia kaburini kuchimba. Aliyekutania mbwa ndiye anayekuzika.

Kwenye lile kundi la mpunga hakukuwa na mfugaji hata mmoja. Aliyesemwa hakuwepo kujibu, aliyesema hana wajibu wowote kwake, si msibani wala harusini. Na hakuna tulipozoea kuona mfugaji akirudisha kibao na wote tukacheka.

Jim Sidanius na Felicia Pratto, pamoja na wenzao, mwaka 1994 walitoa kipimo cha kuona mtu anapenda kiasi gani kundi moja liwe juu ya jingine. Wenye alama za juu huelekea kuwa na ubaguzi zaidi na kuona ngazi hizo ni za haki. Utani unaivunja ngazi, maana kila mmoja ana zamu ya kuwa chini. Maneno ya chuki yanaijenga. Kwa hiyo ukiniuliza nitayatofautishaje, sianzi na ukali wa neno. Nauliza aliyesemwa anaweza kujibu wapi, na aliyesema anamdai au anamlipa nini akipata shida.

Mzee wa Sokomatola

Vijana mnaandika vizuri, ila naona mnacheza na moto. Umri wangu umeniruhusu kuona mambo. Kila mlango wa kukataza maneno ukifunguliwa, wa kwanza kuingia ni mkubwa, mnyonge anabaki nje. Mwanakijiji akiuliza hela za barabara zimekwenda wapi, ataambiwa anachochea. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, tuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na zote zilipokuja tuliambiwa ni kwa ajili ya amani. Mimi bora nimsikie mjinga akisema nzige, nimjue, kuliko kumkabidhi mtu rungu ambalo kesho litashuka kichwani kwangu. Hata hao wasomi wako wa Marekani wanakwambia binadamu hana mizani ya haki. Basi huyo mwenye rungu naye ni binadamu.

Mwana Usangu

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ya mwisho siwezi kuipinga, na sitaki kuipinga. Hakimu, polisi, mkuu wa wilaya, wote wana kundi wanalolichukia kuliko yote, kama mimi na wewe. Ndiyo maana nataka eneo la sheria liwe dogo sana.

Dogo kiasi gani? Tuna somo lililofanyika hapa hapa nchini, Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda ilihukumu kesi ya vyombo vya habari mwaka 2003. Washtakiwa walikuwa Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. RTLM ilianza kurusha matangazo mwaka 1993 na ikawa inawaita Watutsi mende. Rufaa iliamuliwa mwaka 2007, na majaji walikuwa makini: walitenganisha maneno ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Nahimana alibaki na hatia ya uchochezi kwa matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya rais ilipotunguliwa na mauaji yakaanza. Matangazo ya kabla ya hapo, pamoja na ubaya wake, hayakutosha kumtia hatiani kwa kosa hilo, na kifungo chake cha maisha kikawa miaka 30.

Kama mahakama iliyoziona maiti za Rwanda ilikubali kuchora mstari mwembamba hivyo, diwani anayeulizwa hela za barabara hana pa kujificha. Cheo hakina kabila, na mwenye cheo anaweza kujibu kwa risiti. Neno "uchochezi" lisimguse anayehoji ofisi. Lakini mzee, unaposema "bora nimsikie nimjue", wewe unamsikia ukiwa Sokomatola, Mbeya mjini, na wewe si nzige wake. Naomba tumsikie na anayeitwa hivyo, kama yumo humu.

Nyamizi wa Igawa

Nimo. Nimesoma kimya tangu jana.

Mimi Msukuma, nimezaliwa huku huku Mbarali, shule nimesoma huku, Kisangu nakisikia, mpunga nalima na ng'ombe tunao. Shikamoo mzee wa Sokomatola, nakuheshimu, ila naomba nikuonyeshe kitu kidogo. Mama yangu hajui Kiswahili kingi. Akinipigia simu nikiwa kwenye gari kutoka Igawa kwenda Mbeya mjini, sipokei. Nikipokea namjibu "nitakupigia", kwa Kiswahili, nakata. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka nafika Uyole. Siku moja nilikuwa naongea naye Kisukuma, abiria wa nyuma akasema kwa sauti ya wote kusikia, "kumbe wamepanda mpaka humu". Watu wakacheka kidogo, si sana. Konda hakusema kitu. Hakuna aliyenigusa, nauli yangu haikuongezwa.

Tangu hapo nanyamaza. Kwenye mkutano wa kijiji wakijadili mipaka ya malisho najua hoja, vipimo ninavyo, naviacha mdomoni. Mnapojadili uhuru wa kusema mnamhesabu anayesema tu. Mimi wangu umekwenda wapi? Hakuna polisi aliyeuchukua wala hakuna sheria ya 2015 iliyoutaja. Umechukuliwa na kicheko cha kwenye gari.

Mwalimu wa Rungwe

Dada Nyamizi, pole sana, na asante kwa kuandika.

Naongeza mawili kwa sababu nafundisha na haya nayaona kila wiki. Kile kicheko kidogo kina maelezo. Wiktor Soral na wenzake wa Poland walitoa utafiti mwaka 2018: mtu anavyosikia maneno ya chuki mara kwa mara, ndivyo masikio yanavyozoea. Anaacha kushtuka, na anaanza kuwaona wanaotukanwa kuwa wa chini zaidi. Kwa hiyo wale wanaosema "ni maneno tu, hayanipati" huenda hawadanganyi kuhusu wanavyojisikia. Hawasikii chochote kwa sababu wamekwisha kuzoea. Tuliowahi kuishi Mbeya wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino tunakumbuka namna walivyokuwa wakiitwa "dili" mitaani na watu wakipita kama hawajasikia. Nchi hii imezika zaidi ya watu 70 katika mauaji hayo tangu miaka ya 2000.

La pili ni kwa wanahabari na wasimamizi wa makundi. Mwaka 1997 Thomas Nelson, Rosalee Clawson na Zoe Oxley waliwaonyesha wanafunzi habari ya televisheni kuhusu mkutano wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, huko Ohio, Marekani. Tukio moja, habari mbili. Ya kwanza ilieleza mkutano kama suala la uhuru wa kusema, ya pili kama suala la utulivu na usalama wa umma. Walioona ya kwanza walikuwa wavumilivu zaidi kwa mkutano ule. Unavyolitambulisha jambo kwenye sentensi ya kwanza tayari umewasukuma watu upande. Naomba tuzingatie hata kwenye vichwa vya nyuzi zetu.

Mpunga Ubaruku

Mimi ni mmoja wa maadmini wa lile kundi linalosemwa hapa. Sikutaka kujitokeza, ila maneno ya dada Nyamizi yamenigusa. Swali langu ni la kazi: nifanye nini? Nikifuta voisi, kila mtu atataka kuisikia na itarudi kwa milango kumi. Nikimtoa mhusika, ataonekana shujaa. Nikiiacha, ndiyo hivi.

Mwana Usangu

Mkuu, wasiwasi wako una msingi. Jack Brehm aliandika mwaka 1966 kwamba mtu akinyang'anywa uhuru wa kitu, kile kitu kinapanda thamani kwake. Kufuta peke yake hakutoshi, na kufuta bila maelezo ni kuitangaza.

Ningekuwa wewe ningeanza na mtu, kitufe kingefuata. Kevin Munger mwaka 2017 alitoa jaribio la Twitter: watu weupe waliokuwa wakiwatukana weusi walikemewa na akaunti alizozitengeneza yeye. Kemeo lililopunguza matusi lilitoka kwa akaunti iliyoonekana ya mwanamume mweupe mwenye wafuasi wengi. Aliyeonekana mweusi, au mdogo asiye na wafuasi, hakusikilizwa hivyo. Inauma kulisema hili mbele ya Nyamizi, lakini maana yake ni kwamba mzigo si wake. Ni wetu wakulima. Mtafute mkulima mkubwa, yule ambaye hata shamba lake liliwahi kuliwa, aandike kwa jina lake: "Nami nimeliwa mpunga, nadai fidia, ila watu si nzige, na maneno haya kwenye kundi letu hapana." Akishasema yeye, ndipo ufute, na useme wazi kwamba umefuta na kwa nini.

Usitegemee kwamba mioyo itageuka wiki hiyo. Elizabeth Levy Paluck alifuatilia mchezo wa redio wa upatanisho nchini Rwanda, matokeo akayatoa mwaka 2009. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona jamii yao inakubali nini na inakataa nini, na mwenendo wao ukafuata. Kwangu hilo linatosha kuanzia. Yule abiria wa nyuma aendelee kuwaza anachowaza, ila asiwe na uhakika tena kwamba gari zima litacheka naye.

Mzee wa Sokomatola

Marahaba mwanangu. Kwa njia hiyo sina ugomvi. Mkulima kumkemea mkulima si rungu la serikali. Kwa sheria bado nina mashaka yangu na nitabaki nayo. Binti Nyamizi, siku ukipanda gari na mimi nimo, pokea simu ya mama.

Mpunga Ubaruku

Nimemwelewa Mwana Usangu. Yupo mzee mmoja wa skimu yetu, analima eneo kubwa na aliliwa mpunga msimu uliopita, nitamfuata kesho kabla hajaenda shambani. Dada Nyamizi, tunaweza kuongeza wafugaji kwenye kundi? Naogopa watakuja watukanwe.

Nyamizi wa Igawa

Mzee, asante. Nitapokea.

Admini, waongezeni, lakini baada ya huyo mzee kuandika, si kabla. Ninao watu wawili watulivu, mmoja ni mwenyekiti wa wafugaji wa upande wetu. Naomba siku ya kwanza tusianze na pole na samahani, watu watajificha nyuma ya maneno mazuri. Tuanze na mapito ya ng'ombe kwenda majini, yapite wapi na yawe na upana gani, maana mvua zikikatika ndipo mashamba ya kando ya mto yanapoingiliwa. Nitaleta vipimo vya mkutano ule wa kijiji, ninavyo kwenye daftari.